Eunos Roadster 1990 (1.6) inazima ikipata moto, haiwaki mpaka ipoe nusu saa. Pampu, koili au kontroli boksi (kompyuta ya injini)?

#1 Spana_Kumi
Wakuu, habari za jioni.

Gari ni Eunos Roadster NA6CE ya 1990, injini B6-ZE, gia za mkono, ipo Dar. Asubuhi inawaka mara moja, silensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) 850, mshale wa maji unakaa katikati. Ukishaingia foleni, dakika 25 hadi 30, inazima ghafla kama mtu kazungusha funguo. Haitetemeki kwanza, haimisi. Selfu inapiga kwa nguvu zote ila haishiki. Ukiiacha nusu saa boneti likiwa wazi, inawaka kama hakuna kilichotokea. Ukisubiri dakika 10 tu, inawaka, inakwenda kama kilomita 2, inazima tena.

Vilivyobadilishwa mpaka sasa: plagi NGK BKR6E-11 (gepu 1.1 mm), waya za plagi, filta ya petroli ile ya chini karibu na tairi la nyuma, filta ya hewa. Hakuna kilichosaidia. Fundi wa kwanza kasema pampu ya petroli. Wa pili kasema kontroli boksi. Nataka nijue cha kupima kabla sijanunua kitu kingine.

#2 Kaa_la_Moto
Wa kwanza pampu, wa pili kontroli boksi, wa tatu atasema gari ina mashetani. Nakaa hapa na kahawa.

#3 Mizunguko7000
Mkuu Spana, hiyo ni sensa ya kamshafti, ile silinda ndogo iliyo nyuma kabisa ya silinda hedi karibu na ukuta wa dashibodi. Ndiyo inayoiambia kompyuta injini iko wapi. Ikikata, hupati cheche wala nozeli hazifunguki, kwa hiyo gari inazima kama umezungusha funguo, sawa na ulivyoeleza. Vitu vya elektroniki vya zaidi ya miaka 30 vikipata moto vinaachia, vikipoa vinarudi.

Jaribio halina gharama. Siku ikizima, chukua kitambaa chenye maji baridi, kikamue, kizungushie hiyo sensa dakika 3 au 4. Usimwagie maji, plagi ya waya iko hapohapo. Ikiwaka baada ya dakika 5 badala ya 30, umempata mwizi.

Na ukiwa huko, pitisha kidole chini ya sensa. Kukiwa na oili, oringi yake imekufa. Oringi hiyo inakuwa ngumu kama plastiki, oili inashuka nyuma ya injini mpaka kwenye kengele ya gia boksi, na mafundi wengi wanashusha gia boksi kubadili sili ya nyuma ya krenki. Wanabadili sili nzima, na uvujaji unaendelea vilevile, kwa sababu ulikuwa wa oringi ya bei ya soda.

#4 Joto_la_Muttrah
Assalaam aleikum. Huku Muscat joto hatuhadithiwi, na mimi simuungi mkono #3. Kabla ya sensa tazama ignita. Kwenye 1.6 ignita ni kijisanduku cha peke yake, hakimo ndani ya koili kama kwenye 1.8. Kazi yake kukata na kuunganisha umeme wa koili, basi chenyewe kinatoa joto, na kama mgongo wake haujashikamana vizuri na bodi (kutu, rangi, skrubu imelegea) joto halina pa kwendea.

Pima koili pia maadamu uko hapo. Koili moja inahudumia plagi 1 na 4, ya pili 2 na 3. Weka mita baina ya tundu la 1 na la 4, kisha 2 na 3: kitabu cha Mazda kinataka kilo-ohm 11.2 hadi 15.2 ikiwa baridi. Upande wa msingi ni ohm 0.78 hadi 0.94. Waya za plagi, kilo-ohm 16 kwa kila mita. Pima baridi, kisha pima tena papo hapo ikizima. Koili ya baridi haikwambii kitu.

#5 Nyali_Redline
Sasa wadau. Mumeruka petroli haraka sana. Pampu iliyochoka ikipata moto inasimama, ikipoa inafufuka, hilo limeonekana kwa magari mengi tu ya umri huu. Pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe, sasa mtu anayetembea na robo tangi kila siku kwa joto la pwani anaipika.

Jaribio: kwenye injini kuna kisanduku kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS kwenye kifuniko. Chukua kipande cha waya, piga shoti matundu ya F/P (pampu) na GND (athi), washa funguo bila kupiga selfu. Pampu itanguruma nyuma ya viti. Ikizima njiani, fanya hivyo hapohapo. Kimya, basi pampu, au rilei yake, au waya.

Halafu fungua kifuniko cha tangi usikilize. Kikivuta pumzi ndefu "fssss", tundu la hewa la tangi limeziba, petroli inavutwa mpaka inashindwa. Ukisubiri hewa inapenya polepole, gari inawaka. Dalili ni zilezile.

#6 Bwana_Difu
Peleka wakapime kwa mashine, wakichomeka OBD (soketi ya kusomea kompyuta ya gari) wanaona kila kitu. Na angalia taimingi belti isije ikakatika, valvu zote zinapinda, utauza gari kwa kilo.

#7 Mizunguko7000
@Bwana_Difu makosa mawili kwa sentensi mbili. Gari ya 1990 haina OBD2, mashine hiyo itachomekwa wapi, kwenye asht-rei? Na B6-ZE ni injini ambayo belti ikikatika pistoni na valvu hazikutani. Utabaki njiani, utafunga belti mpya, utaondoka. Kubadili kila kilomita 100,000 kunabaki palepale, ila tusitishane.

#8 Bwana_Difu
Nimepokea. Nilidhani zote zinafanana na za kwetu za Toyota.

#9 Kaa_la_Moto
Hata za Toyota hazifanani zenyewe kwa zenyewe bwashee.

#10 Mama_Torque
Spana, shikamoo za wakubwa baadaye, jibu kwanza maswali matatu. Bila majibu haya sote tunapiga ramli.

Moja. Gari inapozima ukiwa bado unatembea na gia imeingia, mshale wa RPM unafanya nini? Kwenye gari hii mshale unapata taarifa yake upande wa cheche. Ukianguka sifuri papo hapo huku magurudumu bado yanazungusha injini, cheche ndiyo imekatika. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, cheche ipo, umekosa petroli.

Mbili. Inapozima, taa ya betri na ya handibreki zinabaki na umeme? Kama dashibodi yote inakufa, acheni habari za sensa, ni swichi ya funguo. Sehemu yake ya umeme inachakaa kwenye NA (Roadster za kizazi hiki), na mwenye kubeba funguo 12 na kifungulio cha soda kwenye ringi moja anaiharakisha.

Tatu. Nini hasa kinakurudishia gari: ni lazima injini ipoe, au ni lazima tu muda upite? Jaribu kufungua boneti mara moja na kulifunga mara nyingine. Kama nusu saa ni ileile hata boneti likiwa limefungwa, tatizo halipo karibu na injini. Uchafu ndani ya tangi unafanya hivyo: unavutwa kwenye chujio la pampu, unaziba; pampu ikisimama unadondoka chini; unaanza upya.

#11 Nyali_Redline
Hiyo ya tatu imenikuna. Sikuifikiria kabisa.

#12 Spana_Kumi
Asante Mama_Torque. Leo imezima mara mbili.

Mshale: unaanguka sifuri palepale, gari ikiwa gia ya 3 bado inatembea. Taa za dashibodi zipo zote. Kifuniko cha tangi hakivuti hewa. Boneti: likiwa wazi dakika 28, likiwa limefungwa ni 45 na zaidi.

Halafu hili: nilipopiga selfu sikusikia pampu kabisa. Rafiki alikuwa ameegemeza sikio nyuma ya viti. Kwa hiyo #5 yuko sahihi?

#13 Nyali_Redline
Naomba kuagiza chapati za ushindi.

#14 Mizunguko7000
Weka chapati chini. Mshale umeanguka sifuri, pampu haiangushi mshale.

Na kukosa kusikia pampu si ushahidi. Kwenye 1.6 kompyuta haiendeshi pampu moja kwa moja. Ndani ya mita ya hewa kuna kibao kinachosukumwa na hewa inayoingia, na kibao hicho kina swichi. Injini ikizunguka, kibao kinafunguka, swichi inashika, rilei inapeleka umeme kwenye pampu. Injini ikisimama, kibao kinajifunga na pampu inalala. Ndiyo usalama wake ukipata ajali. Kwa hiyo injini ikizima kwa sababu YOYOTE, pampu inanyamaza. Ni matokeo.

#15 Mama_Torque
Sahihi nusu. Wakati wa kupiga selfu rilei hiyo inapata umeme kwa njia nyingine, upande wa selfu wa swichi ya funguo, hata kibao kisipofunguka. Kwa hiyo wakati wa selfu pampu ilipaswa kusikika. Ila sikio la rafiki, selfu ikipiga kelele, Dar, barabarani? Sihesabu. Spana, toa mpira wa filta ya hewa, washa funguo bila selfu, sukuma kibao cha mita kwa kidole. Pampu lazima ingurume. Fanya ikiwa baridi, kisha fanya ikiwa imezima kwa moto. Mara mbili, dakika moja kila mara.

#16 Gerezani_Boy
Wakuu mimi ningetoa tamostati kwanza. Gari za joto la huku hazihitaji tamostati, maji yatembee bure injini isipate moto, tatizo kwisha.

#17 Joto_la_Muttrah
Yakhe, Muscat tunafika digrii 45 kivulini na tamostati ziko mahali pake. Ukiitoa, kompyuta inaona injini haijafika joto la kazi, inaongeza petroli, plagi zinakuwa nyeusi, na kwenye barabara kuu injini inakunywa tu. Humpunguzii mtu joto la foleni, kwani foleni tamostati ishafunguka zamani.

Ila kuna jambo la kweli limejificha hapo. Injini hii asili yake ni ya Mazda 323, inayolala kwa upana, na maji ya moto yalikuwa yakitokea upande wa pili wa hedi. Walipoigeuza kwa urefu kuiweka kwenye Roadster, upande ule ukaangukia ukutani kwa dashibodi, wakahamishia tamostati mbele. Sasa maji yanaingia mbele na yanatokea mbele. Silinda ya 4 huko nyuma inapata maji yaliyochoka, na yanayopita huko mengi ni ya hita tu. Na ni nini kimekaa nyuma ya silinda ya 4? Sensa ya kamshafti na koili. Basi mshukiwa wa #3 na wa #4 wote wako jikoni pamoja.

Ndiyo maana watu wa mashindano wanahamisha njia ya maji kuirudisha nyuma. Kwa gari ya mtaani si lazima, lakini hakikisha feni inawaka. Kwenye kisanduku cha DIAGNOSIS piga shoti TFA na GND, funguo iwe imewashwa: feni lazima izunguke. Ikizunguka hapo ila haiwaki yenyewe kwenye foleni, swichi yake iliyo kwenye nyumba ya tamostati imekufa.

#18 Spana_Kumi
Feni inazunguka kwa TFA na inawaka yenyewe. Tamostati ipo.

#19 Kaa_la_Moto
Gerezani_Boy tamostati unazotoa kwenye gari za watu unazipeleka wapi? Una duka?

#20 Gerezani_Boy
😂😂 Nauza kama bangili.

#21 Mzee_wa_Saba_Moja
Nawasoma kimya. Wakati Datsun 240Z inashinda mbio za Safari Rally 1971, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, fundi alikuwa na bisibisi, platini (kikata umeme wa koili cha zamani) na taa ya bati. Hakuna sensa. Gari ikizima unafungua kabureta, unapuliza, unakwenda. Nyinyi mna kompyuta na mnaegemeza sikio nyuma ya viti.

#22 Mizunguko7000
Mzee heshima yako. Ila platini ilihitaji kurekebishwa gepu kila kilomita elfu chache, na kondensa ya 240Z nayo ilikuwa ikifa kwa moto vilevile: inazima, inapoa, inawaka. Ugonjwa ni wa zamani kuliko kompyuta.

#23 Mzee_wa_Saba_Moja
Hilo la kondensa siwezi kubisha.

#24 Fyuzi_Kumi_na_Tano
Nachelewa lakini kuna mtu hajatajwa: rilei kuu. Ipo kwenye boksi la fyuzi ndani ya injini, imeandikwa MAIN. Ndiyo inalisha kompyuta na nozeli. Ndani yake kuna viungo vya lehemu vilivyopasuka nyufa za mviringo huwezi kuziona bila kioo cha kukuzia. Moto wa boneti unatanua chuma, kiungo kinaachana, rilei inaangusha. Kompyuta imekosa umeme, haitoi amri ya cheche, mshale sifuri, taa za dashibodi zinabaki kwa sababu haziko upande wake. Kila dalili ya Spana inaingia hapa.

Njia ya kujua: kabla hujaibadilisha, ifungue kifuniko kwa wembe, chomelea upya viungo vyote kwa lehemu, rudisha. Gharama ni umeme wa kuchomelea.

#25 Mizunguko7000
Na kila dalili inaingia kwenye sensa pia. Tumerudi palepale.

#26 Joto_la_Muttrah
Na kwenye ignita.

#27 Mama_Torque
Basi soma kodi (namba za makosa). Kompyuta ya NA6 inajieleza yenyewe kwa kumweka taa. NA6 za soko la Japani hazina taa ya injini kwenye dashibodi, kwa hiyo unatengeneza: taa ndogo ya LED ya volti 12 (yenye rizista yake), kwenye kisanduku cha DIAGNOSIS weka mguu chanya kwenye tundu la B+, hasi kwenye FEN. Kisha piga shoti TEN na GND. Washa funguo. Mmweko mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Mrefu mmoja na mifupi mitano ni 15.

Za kukuhusu: 01 ni ishara ya cheche kutoka ignita, 02 na 03 ni ishara mbili za sensa ya kamshafti, 08 mita ya hewa, 09 sensa ya joto la maji, 15 sensa ya oksijeni. Andika ulichokiona, kisha futa: toa hasi ya betri (kwenye buti) sekunde 20 au zaidi huku umekanyaga breki. Tembea mpaka izime, soma tena. Kodi ya kwanza inaweza kuwa ya mwaka juzi, ile ya pili ndiyo ya leo.

#28 Fyuzi_Kumi_na_Tano
Nyongeza: ukiwa na TEN na GND zimeshotiwa ndipo pia unapopanga taimingi, digrii 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa), silensa 850. Bila shoti hiyo kompyuta inacheza na taimingi na utapanga uongo. Na taa za taimingi zenye kirungu cha kuongeza digrii zinachanganywa na koili hii kwa sababu kila plagi inapigwa cheche mara mbili kwa mzunguko mzima wa kazi. Weka kirungu sifuri usome alama za pulii moja kwa moja. Kuna watu wanasogeza mpaka 14 kutafuta nguvu. Kwa petroli ya vituo vingine vya huku, na silinda ya 4 yenye joto lake, mimi nabaki 10.

#29 Spana_Kumi
Matokeo.

Kodi za kwanza: 02 na 15. Nimefuta. Nimetembea dakika 35, ikazima. Kodi mara ya pili: 15 peke yake.

Kibao cha mita ya hewa: nikisukuma ikiwa baridi pampu inanguruma. Ikiwa imezima kwa moto, inanguruma pia. Koili baridi: kilo-ohm 13.0 na 12.8, moto: 13.6 na 13.3. Msingi 0.85 zote mbili. Kitambaa cha maji kwenye sensa dakika 4: iliwaka baada ya dakika 17. Ignita sijaigusa. Chini ya sensa kuna oili, ndiyo.

#30 Mizunguko7000
17 badala ya 28. Sensa. Kesi imefungwa.

#31 Fyuzi_Kumi_na_Tano
Imefungwa wapi? Hiyo 02 ya kwanza, Spana uliwahi kuchomoa plagi ya sensa kusafisha huku funguo imewashwa, au mtu akapiga selfu imechomoka?

#32 Spana_Kumi
Fundi wa pili aliichomoa na kupulizia dawa ya mawasiliano ya umeme. Funguo sikumbuki. Nadhani alipiga selfu mara moja.

#33 Fyuzi_Kumi_na_Tano
Ndiyo hiyo 02. Imetiwa na mkono wa fundi. Baada ya kufuta haikurudi. Kompyuta ikikatiwa umeme na rilei kuu haiwezi kuandika kosa lolote, imezimika yenyewe! Kumbukumbu yake ina waya wa pekee unaobaki na umeme, ndiyo maana 15 imebaki. Kutokuwepo kwa kodi kunaelekeza kwangu.

#34 Mizunguko7000
Hapana. Ishara ya sensa ikipotea gari ikitembea, kompyuta inaona tu kwamba injini imesimama, kama ulivyozima mwenyewe. Haina sababu ya kuandika. Itaandika ukiipigia selfu muda wa kutosha huku haioni mzunguko. Spana, ulipiga selfu kwa muda gani kabla ya kusoma?

#35 Spana_Kumi
Sekunde 2 au 3. Nilihofia betri.

#36 Mama_Torque
Basi jaribio la kodi halijakamilika, wote wawili mmebaki na mguu mmoja ndani. Na kile kitambaa, Mizunguko: maji ya kitambaa yanapoza koili iliyo jirani yake pia. Na dakika 17 siku ya mawingu si sawa na 28 siku ya jua. Spana ulifanya siku gani?

#37 Spana_Kumi
...Jioni, kulikuwa na upepo.

#38 Kaa_la_Moto
Kahawa imekwisha, naongeza maji.

#39 Nyali_Redline
Mimi nimekubali pampu ni nzima, kibao kimesema. Lakini presha hakuna aliyepima. Geji kabla ya reli ya nozeli: silensa ni kama baa 2.1 hadi 2.6, ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta inapanda hadi kama 2.7 hadi 3.1. Haielezi mshale, najua. Nasema tu isije ikawa magonjwa mawili.

#40 Pulii_Nne
Naingilia kwa jambo la pembeni, ila kwa gari ya 1990 ni lazima lisemwe. Chungulia pulii ya krenki kwa mbele, hesabu mianya iliyo katikati kuzunguka boliti. Mianya 4 ni krenki ya pua fupi, 8 ni ya pua ndefu iliyokuja baadaye, kama 1991. Pua fupi ina ugonjwa: boliti ikiwa haikukazwa sawa siku ya kubadili belti, ufunguo mdogo unatafuna njia yake, gia ya belti inacheza, taimingi inahamahama, pulii inayumba ukiitazama silensa.

Boliti ni ya spana 21. Pua fupi inakazwa Nm 108 hadi 118, ndefu ni 157 hadi 167. Fundi akiikaza fupi kwa namba za ndefu ana mashaka, na akiilegeza "kwa mkono umejua" ana mashaka zaidi. Ikiwa imeshaanza kucheza kidogo watu wanaokoa kwa ufunguo mpya na gundi ya chuma ya kujazia nafasi. Haizimishi gari kwa ghafla kama ya Spana, lakini ukiwa na taa ya taimingi mkononi tazama kama alama inatulia.

#41 Spana_Kumi
Ni mianya 4. Alama inatulia kwenye 10. Nimepumua.

#42 Joto_la_Muttrah
Na ignita yangu mnaiacha yatima. Chukua draya ya nywele, injini ikiwa baridi na silensa, ielekeze kwenye ignita dakika 5, kisha ipumzishe, kisha kwenye rilei kuu dakika 5, kisha kwenye sensa. Kimoja kimoja. Kitakachozima gari kiko wazi. Usikaribishe draya kwenye mipira ya petroli wala usiifanye kama kuna harufu.

#43 Fyuzi_Kumi_na_Tano
Draya naikubali. Lakini bora kabisa ni taa mbili kwenye dashibodi. Taa ndogo ya kwanza, waya kutoka upande wa kutokea wa rilei kuu. Ya pili, kutoka waya wa umeme unaolisha koili. Kila waya na fyuzi ya ampia 1 karibu na chanzo, pitisha kwenye mpira wa ukutani usije ukakatwa na bati. Gari ikizima tazama: taa ya 1 imekufa, rilei. Ya 2 imekufa, swichi ya funguo au njia yake. Zote zinawaka na mshale sifuri, basi mshindane nyinyi wa sensa na ignita.

#44 Spana_Kumi
Nafunga taa Jumamosi. Oringi ya sensa nimeshapata, nitabadili wakati huohuo.

#45 Mizunguko7000
Kabla ya kuitoa sensa, kwangua mstari kwa msumari kuanzia mwili wake hadi kwenye hedi, ili irudi pale ilipokuwa. Boliti ni moja, ya spana 12. Oringi ya zamani ivunje kwa ncha ya kisu bila kukwaruza mfereji, mpya ipake oili. Kisha panga taimingi upya hata kama mistari imekutana.

#46 Mama_Torque
USIBADILI oringi siku hiyohiyo! Ukiitoa sensa na kuirudisha umegusa plagi yake, waya wake, athi yake. Gari ikipona hutojua kilichoiponya. Taa kwanza. Oringi wiki ijayo.

#47 Spana_Kumi
Nimechelewa kusoma, mama. Taa zipo, oringi ipo, taimingi 10. Nilipokuwa naunganisha taa ya kwanza nilitoa rilei kuu na kuirudisha mara tatu hivi.

Jumapili imetembea saa 2 na dakika 10, pamoja na foleni. Haijazima.

#48 Mizunguko7000
Sensa.

#49 Fyuzi_Kumi_na_Tano
Miguu ya rilei imejikwangua kutu kwa kutolewa mara tatu. Itarudi.

#50 Joto_la_Muttrah
Jumapili foleni gani hiyo Dar?

#51 Mama_Torque
Nilisema.

#52 Kaa_la_Moto
Subirini Ijumaa saa 11 jioni, jua likiwa usoni na malori mbele.

#53 Spana_Kumi
Taa nimeziacha palepale. Ya kushoto ni ya rilei, ya kulia ya koili, nimeziandikia kwa plasta nisije nikachanganya.